Kwa Nini Bei ya Petroli Hupanda Mbio na Kushuka Polepole

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo moyoni. Alisema: "Tumesikia redioni kwamba mafuta yameshuka ulimwenguni. Mbona kituoni bei ni ile ile, na mwenye gari ya wachumaji anataka ujira ule ule?" Siku ile hatukumjibu sawasawa. Leo twapenda kulieleza jambo hili hatua kwa hatua, kwani petroli imo katika gharama za kila karafuu inayotoka shambani mpaka ikafika mizanini.

Kwanza, yatupasa kufahamu ni kitu gani kilichoshuka. Bei inayotajwa redioni ni ya pipa la mafuta ghafi, na pipa moja ni lita 159 kiasi. Mafuta hayo hayatiwi garini. Hapana budi yasafishwe kiwandani, yapakiwe melini, yavuke bahari, yashushwe na yawekwe matangini. Nchi yetu haina kiwanda kinachoyasafisha, basi hununua petroli iliyokwisha safishwa ng'ambo. Petroli tunayotia leo ni ile iliyonunuliwa zamani kidogo, kwa bei ya siku zile.

Tena, hapa Zanzibar bei hutangazwa na ZURA mara moja kwa mwezi, na huko Bara hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mafuta yakishuka ulimwenguni katikati ya mwezi, kituo hakingoji khabari za redio, kinangoja tangazo. Lakini tusisahau kwamba yakipanda pia hungojwa tangazo. Kuchelewa huku mara hutuumiza, na mara hutusitiri.

Pili, si bei yote ya lita iliyo mafuta. Ndani yake mna nauli ya meli, bima, kodi na tozo za Serikali, na faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja. Natupige mfano, na hesabu hizi ni za mfano tu. Lita ni shilingi 3,000: mafuta yenyewe 1,500, kodi na tozo 1,000, usafiri na faida 500. Mafuta yakishuka nusu, yatakuwa 750. Yaliyobaki hayashuki, maana tozo inayokatwa kwa kila lita haitazami bei ya pipa. Lita itakuwa 2,250. Mafuta yameshuka nusu, na bei ya kituoni imeshuka robo tu, na hapana aliyeiba.

Tatu, mafuta hununuliwa kwa dola. Mwezi wa Juni 2014 pipa lilifika kiasi cha dola 115, na Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Lakini katika muda huo huo shilingi yetu nayo ilipungua nguvu. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa shilingi 1,700 na kitu. Kufika katikati ya mwaka ilipindukia 2,000. Chukueni pipa la dola 60. Dola ikiwa shilingi 1,700, lita moja ya mafuta ghafi ni shilingi 640 kiasi; dola ikiwa 2,000, lita hiyo hiyo ni 755. Pipa halikupanda hata senti moja, na sisi tumelipa zaidi.

Nne, iko sababu isiyotokana na meli wala dola, nayo ni ya binadamu. Mwaka 1991 mtaalamu Robert Bacon alichunguza bei za petroli za Uingereza, akaona kwamba hupanda upesi kuliko zinavyoshuka. Wataalamu wa Marekani nao waliona hali kama hiyo kwao mwaka 1997. Sababu moja inayotajwa ni hii: bei ikipanda, mnunuzi hukasirika akazunguka kutafuta penye nafuu. Ikianza kushuka kidogo, hufurahi akaacha kuuliza, na muuzaji hana haja ya kuharakisha. Julai 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilieleza kwamba faida ya maduka makubwa yanayouza petroli ilizidi kwa peni 6 kila lita baina ya 2019 na 2022, na kwamba kwa mwaka 2022 peke yake wenye magari walilipa zaidi kiasi cha pauni milioni 900.

Kwetu bei ya kituoni ina kikomo, basi mlango huo ni mwembamba. Lakini ujira wa gari la kukodi hauna tangazo wala kikomo, na hapo ndipo tulipoumia sisi wenyewe. Msimu mmoja petroli ilipanda, na mwenye gari akatujia siku ya pili yake kutaka nyongeza. Tukampa, kwa kuwa alikuwa na haki. Baada ya miezi miwili petroli ikashuka. Yeye hakuja, na sisi hatukumwendea. Tukaendelea kulipa ile nyongeza mpaka karafuu ya mwisho ikachumwa, na fedha zile zilikuwa za mfuko wenu. Twakiri kwamba kosa hilo lilikuwa letu zaidi kuliko lake.

Kwa hivyo Kamati imekubaliana hivi. Kila tangazo jipya la ZURA litaandikwa ubaoni karibu na mizani. Kila mkataba wa gari utataja lita zinazotumika kwa safari moja. Gari ikitumia lita 10, kila shilingi 100 zinazoongezeka au kupungua kwa lita ni shilingi 1,000 kwa safari. Kwa safari 40 ni shilingi 40,000. Hiyo ndiyo itakayoongezwa au kupunguzwa, wala si zaidi, kwani dereva, mipira na matengenezo havishuki pamoja na petroli.

Twawaomba wanachama mnaokodi magari wenyewe mfanye vivyo hivyo. Bei ikipanda, msimnyime mwenye gari haki yake. Ikishuka, mwendeeni siku ile ile, kwa adabu, na karatasi ya mkataba mkononi.

Wasalaam,
Katibu