Kutoka Majini Hadi Mezani

JUMATANO

Soma Matendo 16:25–34. Mlinzi wa gereza alifanya nini mara baada ya kubatizwa? Unafikiri kwa nini Luka aliona vema kututajia chakula kile?

Filipi ulikuwa mji wa dhahabu. Mfalme Filipo wa Makedonia aliutwaa mwaka 356 K.K. kwa sababu ya migodi iliyokuwa jirani, akaupa jina lake. Siku za Paulo ulikuwa koloni la Warumi, na humo mlinzi wa gereza alibatizwa usiku pamoja na watu wa nyumba yake. Angalia jinsi mambo yalivyofuatana. Kwanza aliwaosha Paulo na Sila majeraha yao, kisha akabatizwa, halafu akawapeleka nyumbani kwake, akawaandalia chakula. Saa chache kabla alikuwa ameitia miguu yao katika mkatale. Sasa wanakula pamoja. Lidia naye, alipokwisha kubatizwa, hakuwaruhusu mitume wapite. Aliwasihi wakae nyumbani kwake (Matendo 16:15).

Sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, tunalo la kujifunza hapa. Katika machimbo madogo kijana hafanyi kazi peke yake. Mara nyingi mwenye duara huwalisha wachimbaji wake muda wote wa kuchimba, na malipo yao ni mgawo wa mifuko ya mawe. Wanakula ugali wa sinia moja. Kijana huyo akibatizwa, akaacha kushuka shimoni siku ya Sabato, anaweza kupoteza nafasi yake katika kundi. Hapo hakupoteza mgawo tu. Amepoteza na watu wa kula nao.

Sasa fikiria siku ya ubatizo huku kwetu. Ni kiangazi, maji ni shida. Washiriki wanatembea hadi kwenye lambo, au mashemasi wanachimba shimo, wanatandika turubai na kulijaza maji kwa ndoo. Kwaya inaimba, mchungaji anainua mkono, watu wanaitikia Amina. Kisha inafika saa ya chakula. Wageni wanakaribishwa ofisini kwenye wali. Wanakwaya wana sufuria yao. Kila familia inafungua vyombo vyake chini ya mwembe. Na yule kijana? Amebadilisha nguo zilizolowa, amesimama kando na mfuko wake, hajui akae wapi. Jioni anarudi machimboni. Baada ya miezi michache jina lake linatajwa katika baraza, nasi tunasema, "Amerudi nyuma." Huenda alirudi mahali palipokuwa na sinia lake.

Mimi mwenyewe nimelia chakula ofisini mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Soma Wagalatia 2:11–14 na 3:27, 28. Ubatizo una uhusiano gani na watu tunaokula nao?

Kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, kisha akajitenga nao kwa kuwaogopa wengine. Paulo hakuliona jambo hilo kuwa adabu ya mezani tu. Kwake ilikuwa kuiacha kweli ya injili. Ndiyo maana katika waraka huohuo anawakumbusha kwamba wote waliobatizwa wamemvaa Kristo, wala hakuna tena wa kumbagua mwenzake. Tunachokitangaza majini kinapimwa mezani. Wale elfu tatu wa Pentekoste nao hawakuachwa baada ya kubatizwa. Waliingizwa katika nyumba za waumini na kula pamoja nao (Matendo 2:41–46).

Andika majina ya waliobatizwa katika kanisa lako mwaka huu. Ni nani kati yao amekwisha kula nyumbani kwako? Darasa lenu litafanya nini Sabato ijayo ili mchimbaji anayepoteza kundi lake kwa ajili ya Kristo akute kundi lingine likimngoja?