Ibrahim Aliyenyamaza na Ibrahim Aliyeuliza



Baada ya swala ya Ijumaa, ndugu mmoja wa jumuiya yetu aliliona daftari langu la Kinorwei. Akaniuliza: "Sheikh wangu, hapa Juba lugha hiyo utaisema na nani? Na falsafa juu yake! Huogopi kuiharibu imani yako?" Nilicheka, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani.

Lugha niliianza kwa ajili ya jamaa. Mjomba alipata hifadhi Norwei wakati wa vita, na Kiarabu chetu cha Juba wanawe wanakielewa tu, hawakisemi. Chuoni kwetu hakuna idara ya lugha hizo, kwa hiyo najifunza kwa kitabu cha kuazima na kwa simu, mtandao ukiwapo. Mimi niliyekulia Mombasa kwa shikamoo, kilichonisumbua zaidi ni neno du, yaani wewe. Wanamwambia mtoto na profesa sawasawa.

Norwei ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark kwa karne nyingi hadi 1814, na maandishi yake yanayotumika zaidi leo, bokmål, yametokana na Kidenmaki. Ukisoma kimoja, cha pili unakipata nusu bure. Basi tulipofundishwa darasani juu ya Søren Kierkegaard wa Copenhagen (1813–1855), nilikitafuta kitabu chake katika lugha yake mwenyewe. Ni Frygt og Bæven, yaani Hofu na Kutetemeka, cha mwaka 1843. Kinamhusu Nabii Ibrahim, alayhi salaam, na amri ya kumchinja mwanawe.

Alikitoa kwa jina la kubuni, Johannes de silentio, yaani Johannes wa ukimya, na ukimya ndio hoja yenyewe. Ibrahim wake hakumwambia mkewe, wala mtumishi wake, wala mwanawe. Hakuweza. Maadili ni yale yanayoweza kuelezwa mbele ya watu wote. Aliyeamrishwa na Mungu peke yake hana maneno ya kujieleza. Mwanzoni mwa kitabu amebuni simulizi ambamo Ibrahim anajifanya mwabudu sanamu, ili mwana apoteze imani kwa baba na si kwa Mungu. Ukurasa ule niliusoma mara tatu, kamusi mkononi. Uliniumiza.

Kisha nikafungua Surat As-Saffat, aya ya 102, niliyoihifadhi tangu madrasa. Baba anamweleza mwanawe ndoto, halafu anamwuliza anaonaje. Mwana anamwambia atende alivyoamrishwa, naye atasubiri, Mungu akipenda. Miaka yote hiyo sikuwahi kulitilia maanani swali lile. Ana amri ya Mola wake, na bado anauliza.

Nikayasema hayo darasani kwa kujiamini kidogo kupita kiasi. Mwenzangu Mkristo akanijibu kwamba kuuliza hakuondoi tatizo, kwani amri ingebaki ileile hata mwana angekataa. Akaongeza: vijana wangapi hapa kwetu waliulizwa kama wako tayari kwenda vitani, na jibu lilishajulikana? Nikamwambia nabii na kamanda hawalingani. Akasema anakubali, ila kamanda hupenda kusema kwa sauti ya nabii. Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tuna mtu tuliyempoteza Desemba 2013 au Julai 2016.

Nilikwenda kwa imamu wetu, na sitaficha kwamba nilikwenda kwa woga. Hakunikemea. Alinionyesha tafsiri ya Ibn Kathir, anayeeleza kwamba Ibrahim alimwambia mwanawe ili jambo liwe jepesi kwake, na ili aijaribu subira na azma yake tangu udogo. Kwa hiyo hakuwa akitafuta ruhusa, kama nilivyodai darasani. Lakini pia hakumwacha mtoto apande mlimani bila kujua. Tofauti hiyo na Ibrahim wa Kierkegaard bado naiona kubwa, na ndiyo ninayoiandikia insha ya mwisho wa muhula, ingawa swali la mwenzangu sijalimaliza.

Ndugu yule wa Ijumaa ameniazima juzuu zake za tafsiri. Naye aliniuliza Waislamu wa Norwei wanasalimianaje. Nikampigia binamu yangu, nikaweka sauti juu. "Assalaamu alaykum," akasema.