Kebo Ikikatika Baharini, Pesa Yako Iko Wapi?

Jumapili ya Mei 12, 2024 ilikuwa Siku ya Akina Mama. Wengi wenu mlitaka tu kumtumia mama kitu kidogo. Lakini apu zilikuwa zinazunguka tu, Kericho mjini hadi Sotik, na watu wakaanza kulaumu bando. Bando halikuwa na makosa. Kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini.

Kebo hiyo ni waya wenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na data hupita ndani yake kama mwanga. Kwenye kina kirefu unene wake ni kama wa mpira wa kumwagilia bustani. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya mwendo wa kobe. Mwaka huo TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, na SEACOM ikafuata. Kwa hivyo chai yetu inashuka Mombasa kuuzwa mnadani, na intaneti inapanda kutoka hukohuko! Na kebo hukatika kirahisi: Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga ikakata TEAMS. Kuiunga kunahitaji meli maalumu ya kuivuta juu, na si kazi ya siku moja.

Sasa tuje kwa pesa. Salio lako halikai kwenye simu wala ndani ya kebo. Liko kwenye mitambo yetu, na mitambo iko hapa nchini. (Si kila huduma ilianza hivyo. Mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani hadi 2015.) Ukitumia menyu ya nyota na reli, ombi lako linapitia minara ya simu bila intaneti. Apu inahitaji intaneti, na ikifunguka huuliza mambo mengine kwa mitambo ya ng'ambo. Hapo ndipo inakwama.

Kukwama si hasara. Hasara ni kutuma mara mbili. Mteja wetu mmoja wa Silibwet, mwenye shamba dogo la chai, alikuwa akimlipa mchumaji wake shilingi 1,800. Apu ikazunguka, akadhani haijaenda, akatuma tena. Ombi la kwanza lilikuwa limefika kitambo. Jibu ndilo lililochelewa. Jioni SMS mbili zikaingia pamoja, na mchumaji alikuwa ameshatoa zote na kupanda matatu kwenda kwao. Alirudisha, tunamshukuru, lakini kwa awamu, na mwenye shamba alikuwa ameahidi hela hiyo kwa karo.

Kwa hivyo apu ikizunguka, usibonyeze tena. Piga nyota na reli, angalia salio. Kama limepungua, pesa imeenda hata kama SMS haijafika. Kama halijapungua, ngoja kidogo, angalia tena, halafu utume kwa menyu hiyohiyo.

Na siku kama hizo matapeli hupiga simu wakijifanya wanarekebisha netiweki, wakiomba PIN. Kata simu. Kebo inaungwa na mafundi walio melini, na hawahitaji PIN ya mtu wa Bomet.