Wawili Jukwaani: Jinsi ya Kuchekesha kwa Nyimbo Kericho na Bomet

Wewe na mwenzako mna gita, nyimbo tatu za kuchekesha, na marafiki wanaowahimiza mpande jukwaani. Vizuri. Sasa mnataka shoo ya saa nzima, watu walipe kiingilio na watoke wakicheka. Shika jambo moja kwanza: neno lisiposikika, hakuna kicheko. Karibu kila mbinu iliyo hapa chini inalinda neno.

Mgawane kazi. Mkichekesha wote wawili kwa wakati mmoja, hakuna anayechekesha. Mmoja awe makini, anaimba kana kwamba yuko kwaya ya kanisa. Mwingine ndiye anayeharibu. Kumbuka Mzee Ojwang na Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, KBC: mzee anajitia ujanja, mke hadanganyiki. Amueni leo nani ni nani, na msibadilishane katikati ya wimbo.

Andika cha nyumbani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba kuhusu Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Kwa maelezo ya Tracey, walimfanya nusu mtu, nusu swala, kisha wakamwalika acheze ngoma yao, aruke mpaka nguo zimtoke. Iga mbinu hiyo. Chukua staa wa mbali, mlete kwenye shamba la chai, mpe kikapu mgongoni, uone atafanya nini.

Chagua kitu kidogo. Usiimbe kuhusu "maisha magumu". Imba kuhusu risiti ya kituo cha kununulia majani: karani amepima, karatasi imetoka, na mkulima anaisoma mara ya pili akitumaini kilo zitaongezeka. Kila aliyewahi kupanga foleni pale atacheka kabla hujamaliza mstari.

Panga wimbo uwe unashuka. Tuseme ni wimbo wa bonasi ya chai. Ubeti wa kwanza, baba anaahidi nyumba ya mawe. Wa pili, ng'ombe wa gredi. Wa tatu, mabati ya jiko tu. Wa nne bonasi imeingia, na amenunua gambuti. Mguu mmoja. Kibwagizo kisibadilike, ili ukumbi uimbe nawe wakati ahadi zinapungua. Wimbo mmoja usizidi dakika tatu.

Lugha ifuate ukumbi. Kwenye mashamba makubwa ya chai kuna wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo beba shoo kwa Kiswahili. Litein au Silibwet, ongeza Kipsigis bila woga. Popote ulipo, fungua kwa "Chamgei!" na usubiri ukumbi ujibu "Chamgei mising!" Wakijibu kinyonge, rudia. Hapo umeshaanza shoo, na umeshajua nguvu ya ukumbi.

Jua mipaka. Mambo ya jandoni hayaimbwi hadharani. Ulemavu wa mtu si kichekesho. Suala la mashine za kuchuma chai limewagusa watu walioachwa bila kazi, kwa hiyo cheka na mashine, usimcheke aliyepoteza kazi. Ukigusa mwanasiasa wa upande mmoja, gusa na wa upande wa pili.

Tumia tuni yako. Kubadilisha maneno ya wimbo wa mtu ni rahisi, lakini tuni ina mwenyewe. Omba ruhusa au tunga yako. Ukishatunga, isajili KECOBO, bodi ya hakimiliki, kabla hujaiweka mtandaoni.

Tarehe ifuate mfuko. KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, hufunga mwaka wake wa fedha Juni, na bonasi huwafikia wakulima kuelekea Oktoba. Huo ndio msimu wako mkubwa. Miezi mingine, subiri malipo ya mwezi yaingie ndipo utangaze. Mwisho wa shoo uwe mapema pia. Mtu anayewazia matatu ya mwisho ya kwenda Sotik hacheki.

Jiandae kwa mvua. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine ya mawe. Ukumbi wa mabati usio na dari utameza kila neno. Tafuta wenye dari. Ukikosa, weka akiba wimbo mmoja wa kucheza tu, usio na utani. Mvua ikipiga bati, uangushe huo, watu wainuke. Bati likinyamaza, rudi kwenye vichekesho. Usipoteze utani wako bora kwa kushindana na mvua.

Jaribu sauti hadi nyuma. Fika mapema. Mwambie fundi wa mitambo aondoe mwangwi kwenye maiki na ashushe gita chini ya sauti. Kisha mtume mtu asimame mlangoni. Imba mstari mpya ambao hajawahi kuusikia, umwombe aurudie neno kwa neno. Akikosea, gita bado liko juu.

Stima ikipotea, endelea. Uliza mapema kama kuna jenereta. Hata kama ipo, fanyeni mazoezi ya nyimbo mbili bila maiki, mkiwa mmesogea hadi mstari wa mbele. Giza likiingia, shukeni kati ya watu na muimbe.

Kipe kicheko nafasi. Hapa ndipo wengi huanguka. Watu wakianza kucheka, usiingie mstari unaofuata. Zungusha kodi mbili zilezile kwenye gita, mtazame mwenzako kwa uso mkavu, na usubiri kicheko kianze kushuka. Hapo ingia. Ukiingia mapema, umewazima. Ukichelewa, wamepoa.

Panga nyimbo kwa akili. Anza na wimbo wa pili kwa ubora. Mpya na usio na uhakika uweke katikati. Ulio bora kabisa uwe wa mwisho, na ukiisha mshuke jukwaani. Msiongeze mwingine "wa kuaga".

Maliza makaratasi. Andika barua kwa OCS wa kituo cha polisi, uliza ofisi ya kaunti kuhusu kibali cha vipaza sauti, na weka nakala mfukoni siku ya shoo. Kiingilio kipokee kwa Lipa na M-Pesa, ili mlangoni kusiwe na ugomvi wa chenji. Peleka kipande cha sekunde thelathini kwa watangazaji wa Chamgei FM, Kass FM na Kitwek FM. Chagua kipande kinachochekesha hata bila kuwaona.

Usingoje uwanja wa Kericho Green ujae. Wiki hii chagua nyimbo zako tatu, omba ukumbi wa shule au wa kanisa jirani, na waite watu hamsini. Rekodi shoo nzima kwa simu, kisha isikilize na mwenzako. Mstari uliochekesha ubaki. Uliokaa kimya, ukate bila huruma na uandike mwingine.