SOMO LA JIOGRAFIA: UKUTA WA BAHARI YA DIANI

Mtu asimamaye katika ufuo wa Diani, kusini ya Mombasa, huona mbali kidogo mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika. Hapo pana mwamba. Na upande wa ndani maji ni matulivu, hata mvuvi huenda kwa mtumbwi pasipo hofu. Je, ukuta huo umejengwa na nani?

Umejengwa na matumbawe, yaani wanyama wadogo sana waishio kwa makundi. Kila mmoja hutwaa chokaa katika maji ya bahari akajifanyia nyumba. Akifa, nyumba hubaki, na wenziwe hujenga juu yake. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini penye mlango wa mto, kama Mwachema hapo Kongo, maji matamu na tope huwazuia wasistawi.

Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa. Matumbawe ya zamani hizo ndiyo majabali ya Diani ya leo, na ndiyo kisiwa cha Wasini, kilicho mkabala wa Shimoni. Jiwe hilo lina vitundu vingi, na maji ya mvua hupenya upesi. Kwa sababu hiyo Wasini haina mto, na wenyeji wamezoea kukinga mvua katika mabirika.

Ndani ya tumbawe lililo hai mna mimea midogo mno, ilipayo chakula na rangi. Maji yakizidi joto, mimea hiyo hutoka, tumbawe likageuka jeupe. Na joto likidumu, hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa.

Yako madhara mengine yatokanayo na mikono ya watu. Samaki aitwaye kikande hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba, ambao huuguguna mwamba. Kikande akivuliwa mpaka akaisha, wanyama hao huzidi, na ukuta hulika. Nanga itupwayo juu ya matumbawe, na miguu iyakanyagayo wakati wa maji kupwa, huvunja kwa dakika moja kazi ya miaka mingi.

Kusi livumapo, ni mwamba huo uzuiao mawimbi yasichukue mchanga na minazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta huu, fundi wake ni tumbawe peke yake. Kazi ya mwanadamu ni kumwacha fundi aishi.