Robo Dola Yenye Chapa Pacha: Itambue Kabla ya Kutoa Mali Yako



Mkazi wa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Elegu au Mpondwe hushika fedha za nchi zaidi ya moja kwa siku moja. Noti za dola si ngeni kwetu. Pale Mpondwe, wafanyabiashara wanaotoka Kongo huzikagua kwa makini, na noti yenye mpasuko mdogo huweza kukataliwa. Sarafu za dola, kwa upande wake, hazizunguki katika masoko yetu, na maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayazipokei. Macho yetu hayakuzizoea, na mtu asiyekizoea kitu ni rahisi kudanganywa nacho.

Hila yenyewe huenda hivi. Mtu huonyesha robo dola ya Marekani, yaani sarafu ya senti 25, akadai kwamba ilikosewa kiwandani, kwamba maandishi yake yamejirudia, na kwamba wakusanyaji wa sarafu wa ng'ambo huinunua kwa mamilioni. Huonyesha picha na bei katika simu. Punde hutokea mtu wa pili anayejifanya mnunuzi, akaahidi bei kubwa zaidi. Hatimaye ng'ombe, pikipiki au karo ya watoto hutolewa kwa kipande cha chuma ambacho, kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, thamani yake haizidi shilingi 1,000.

Nguvu ya hila hiyo ni kwamba nusu yake ni kweli. Sarafu zenye chapa pacha zipo, na wako watu wanaozinunua. Kwa sababu hiyo haitoshi kuambiwa "jihadharini". Inafaa kujua jinsi ya kutenganisha ya kweli na ya uongo.

Chapa pacha hutokeaje?

Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma kigumu. Muhuri huo nao hupata picha yake kwa kugandamizwa na muhuri mama. Zamani ulihitaji kugandamizwa zaidi ya mara moja, na mara ya pili isipolingana na ya kwanza, muhuri ulibaki na picha mbili. Mfano mashuhuri ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, ambayo mwaka na maandishi yake huonekana maradufu hata bila kioo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha sarafu cha Marekani hugandamiza muhuri mara moja tu. Kosa halikukoma, bali lilipungua ukubwa. Chuma cha muhuri kikikaa upande kidogo, husogea kinapogandamizwa, na sehemu ya picha hujirudia, mara nyingi karibu na katikati ya sarafu. Basi mtu akikuonyesha robo dola ya miaka ya karibuni ambayo maandishi yote ya ukingoni yamejirudia kwa upana mkubwa, hiyo ni sababu ya kushuku.

Alama za kukagua

Chukua kioo cha kukuzia na usimame penye mwanga wa kutosha.

1. Tazama unene wa herufi. Katika chapa pacha ya kweli, picha ya pili huongezeka juu ya ya kwanza; kwa hiyo herufi hunenepa. Katika mtikisiko wa mashine, muhuri uliolegea huparuza herufi iliyokwisha kupigwa; kwa hiyo herufi hukonda.

2. Tazama umbo la mrudio. Wa kweli una mgongo wa mviringo kama herufi yenyewe, na pembe za herufi huonyesha mgawanyiko ulio wazi. Wa mtikisiko ni bapa, umelala chini kama ngazi ya mlangoni. Sarafu za mtikisiko ni nyingi mno, na wakusanyaji hawazilipii ziada ya maana.

3. Linganisha na picha inayoaminika. Kosa likiwa katika muhuri, kila sarafu iliyopigwa na muhuri huo hulibeba mahali pale pale. Kosa lisilolingana na sarafu nyingine yoyote huenda ni mkwaruzo, uchakavu, au kazi ya mkono wa mtu.

4. Pima sarafu. Robo dola ya kawaida ina uzito wa gramu 5.67 na upana wa milimita 24.26, na ukingo wake huonyesha mstari wa shaba katikati.

Mifano ya kweli

Robo dola ya jimbo la Minnesota ya mwaka 2005 ina aina zinazojulikana kwa "mti wa ziada", kwa kuwa msitu wake ulijirudia kidogo. Ile ya Wilaya ya Columbia ya mwaka 2009, inayomwonyesha mwanamuziki Duke Ellington penye piano, ina aina ambayo herufi za jina lake zimejirudia. Kwa upande mwingine, robo dola ya Wisconsin ya mwaka 2004 yenye jani la ziada katika hindi si chapa pacha. Muhuri wake ulikuwa na alama iliyochimbika. Katika mifano yote hii kosa ni dogo, na hutafutwa kwa kioo na subira.

Kabla ya kutoa mali yako

Usilipe "ada ya uthibitisho" kwa mtu usiyemjua. Usikubali kuharakishwa, mwenye sarafu halali hapotezi chochote ukiomba siku mbili za kuuliza. Jiulize pia: kama kweli mnunuzi wa mamilioni yupo, kwa nini mwenye sarafu asimwuzie yeye mwenyewe? Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 5. Ukifikiwa na watu wa namna hii, hifadhi sarafu, ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe au upige simu 999. Aliyekwisha kudanganywa asinyamaze kwa aibu. Matapeli hao huhama kutoka soko hadi soko, na taarifa yake yaweza kuokoa ng'ombe wa jirani yake.