Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Darasani: Kwa Wanaoanza Sekondari

Mhariri wa gazeti hili ameniomba niwaandikie maneno machache wanafunzi waliopokewa mwaka huu. Mimi si mwalimu wa shule hii. Wajukuu wangu wawili wasoma hapa. Nimeombwa kwa kuwa nilizaliwa Chovae, kimoja katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu, nikasoma sekondari kwa lugha ambayo nyumbani kwetu hapana aliyeijua. Wanafunzi wa zamani wataniwia radhi nikisema yale waliyokwisha kuyaonja wenyewe.

Kuamka mapema, kuwaheshimu walimu na kutunza fedha za matumizi, hayo wazazi wenu wamekwisha kuwausieni, nami sitayarudia. Nataka kusema juu ya lugha tu. Nimeona watoto wengi wenye akili wakianguka katika mwaka wa kwanza, si kwa ugumu wa hesabu wala wa sayansi, bali kwa kuwa hawakulifahamu swali, nao wakaona haya kuuliza.

Wakati wangu kisiwani hapakuwa na sekondari. Tulikwenda Kismayu kwa mashua, tukawaacha wazee ufukweni. Nyumbani tulisema Kibajuni, chuoni tulisoma Kurani kwa Kiarabu, mjini watu walisema Kisomali, na sekondari walimu walifundisha kwa Kiingereza. Niliingia mwaka 1973. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1972, serikali ya Somalia ilikuwa imekata shauri kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Basi mwaka 1974 sekondari zikafungwa, na wanafunzi kwa maelfu tukapelekwa bara kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Fikirini mtoto wa mvuvi, ambaye Kisomali chake ni cha sokoni, amesimama mbele ya wazee wenye ngamia akiwafundisha lugha yao wenyewe!

Kazi ile ndiyo iliyonifunza kusoma. Kila jioni niliwauliza wanafunzi wangu majina ya vitu, kamba hii yaitwaje, mti huu je, nami nikayaandika. Wao walifurahi mno kumsahihisha mwalimu. Kabla ya kurudi Kismayu nilikuwa na daftari lililojaa, na haya ya kuuliza ilikuwa imenitoka. Nilipoingia tena darasani nilikitendea Kiingereza vivyo hivyo: upande mmoja wa ukurasa neno la mwalimu, upande wa pili maana yake kwa Kibajuni, kwa maneno ambayo mama yangu angeyafahamu. Ikiwa sikuweza kuujaza upande wa pili, nilijua kuwa somo lile sijalishika bado, hata kama naweza kulisema lote kwa moyo. Jaribuni na nyinyi, kwa Kibajuni, Kigiryama, Kipokomo au lugha yoyote mliyonyonya.

Mjukuu wangu mmoja, alipokuwa shule ya msingi (sitaitaja), alichekwa na wenzake kwa kusema "mchu" badala ya "mtu". Akaacha kusema Kibajuni na nyanya yake. Kisha akanyamaza na darasani pia. Hilo lilinihuzunisha sana. Nikamketisha, nikamwonyesha kuwa "mchu" si kosa bali ni kanuni: mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina t, sisi twatia ch. Tazameni ramani. Kisiwa chetu huandikwa Chovae katika ramani moja na Tovai katika nyingine, na jirani yetu Chula huandikwa Tula. Mtoto aijuaye kanuni hiyo huvuka kutoka lugha hii hadi ile bila kutetereka, na katika mtihani wa insha huandika "mtu" bila kumwonea haya nyanya yake.

Wala msidhani kuwa elimu yote iko upande wa mwalimu. Mvuvi wa visiwani huhesabu mwaka wake kuanzia Nairuzi, kwa miongo, yaani kumi kumi: miongo 36 na siku 5 za ziada, jumla siku 365. Kwa nini hatumii miezi ya Kiislamu anayofungia na kufuturia? Kwa sababu mwaka wa mwezi ni siku 354 tu, hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kaskazi na kusi hufuata jua. Jiografia ndiyo hiyo. Au mchukueni taza, samaki ambaye wavuvi wetu walimfunga kamba mkiani wakamtuma amkamate kasa. (Siku hizi kasa hulindwa kwa sheria hapa Kenya, msijaribu.) Mwalimu wa biolojia atawaambia kuwa kile kibandiko cha taza kichwani ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo.

Vita vya 1991 vilipotutoa visiwani, wengi tulikimbilia Mombasa, tukakaa kambini Jomvu. Wengine walifika Ulaya, na huko ikawa lazima waonyeshe wametoka wapi, hali hawana karatasi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi juu ya Wabajuni wa Somalia, na anwani ya uamuzi huo yataja uwezo wa kusema Kibajuni. Lugha iliyochekwa uwanjani mwa shule ikawa ndiyo cheti cha mtu.

Basi mwendapo likizo, chagueni somo moja mkamweleze mtu mzima asiyepata kusoma sekondari, kwa lugha ya nyumbani. Desemba iliyopita mjukuu wangu yuyo huyo alimweleza nyanya yake kwa nini maji hujaa yakichelewa dakika kama 50 kila siku: mwezi nao huzunguka, na dunia haina budi kuufuata. Bibi alisikiliza hata mwisho, akasema, "Hayo nimefahamu. Sasa niambie, kwa nini bamvua huja mara mbili kila mwezi, na mwezi wenyewe ni mmoja?" Kijana akakuna kichwa. Akaliandika swali daftarini, na siku ya kufungua shule alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mwalimu wa jiografia.